Salima wa Busi, Aliyetoka Kwenye Filamu Mbovu

Kama hutaniamini, nenda ukakalie benchi la nyuma kwenye kibanda changu pale Kizota. Ubao wake umevimba upande wa kushoto, vile mbao inavyovimba ikinywa maji. Sasa wewe uliyewahi kuishi Dodoma, niambie, nani ana maji ya kumwagia benchi? Hapo alikaa mtu. Nilizungumza naye, nikampa karanga, akala. Wanaonijua watakuambia mimi ni muongo, na kweli, kazi yangu inataka uongo. Lakini nikishaweka maiki chini huwa sina sababu ya kudanganya.

Kazi yenyewe ni kibanda umiza. Naonyesha mpira, naonyesha filamu, na filamu za nje nazitafsiri mwenyewe hapohapo, maiki mkono huu, rimoti mkono huu. Nasema kutafsiri kwa heshima tu. Kiingereza changu ni cha shule ya kata, na hizo lugha nyingine ndiyo usiseme. Lakini mteja wangu hanidai Kiingereza. Anataka kujua yule anayelia analilia nini, basi namwambia. Mzungu akifungua mlango nasema huyu ni Chilewa, ametoka Mtera kununua samaki, na leo atamkuta mkewe hayupo. Mafundi wa mageti wanaojaa kibandani kwangu wanapenda hivyo. Mtu asiye na jina wala kwao, utamwoneaje huruma?

Chumba si changu. Ni cha shemeji yangu Hashimu, kaka wa mume wangu, na mume wangu ni dereva wa lori, kila siku yuko njiani, kwa hiyo vita vya chumba kile ni vyangu peke yangu. Msimu ule wa mvua watu walikuwa wamepungua sana. Kila mtu ana simu, anaangalia vyake kitandani. Shemeji akaja, akatembeza macho kwenye mabenchi, akasema kwa upole wake ule unaoudhi.

"Shemeji, Jumamosi nakuja kuangalia na mimi. Nikikuta watu wamefurahi, sawa. Nikikuta wanapiga miayo, Jumatatu naleta magunia ya chakula cha kuku. Kuku hawapigi miayo."

Nikamwambia aje, na aje na shuka, maana ataogopa. Hapo bado nilikuwa sina filamu yoyote.

Kijana anayeniletea filamu kwenye flashi akaniapia kwamba ameipata moja ya kutisha, kila aliyeiona huko nje anawasha taa usiku kucha. Nikaupigia spika mtaa mzima: Jumamosi, mwenye moyo dhaifu asije. Halafu Ijumaa nikaiangalia mwenyewe. Ndugu yangu, nilitaka kulia.

Ni hivi. Vijana wanne wa nchi ya baridi wanakuta gemu la zamani kwenye stoo ya bibi yao, yale ya kuchomeka kwenye TV, yenye kanda ambayo ikigoma unaipuliza vumbi. Wanapuliza, wanacheza. Kumbe gemu lina laana, anayeshindwa anatokewa na mzimu. Wazo si baya, au siyo? Lakini gemu lenyewe ni kijitu cha vidoa kinachoruka mashimo. Lile la nyoka kwenye simu za zamani linatisha zaidi. Na mzimu, mwanamke mwenye gauni jeupe na nywele ndefu zinazochuruzika maji, anatokea mara tatu tu filamu nzima, kila mara amesimama mwisho wa korido, haongei, hasogei. Hawakusema ni nani. Hawakusema maji yale ya nini. Mwishoni wanaivunja ile kanda kwa nyundo, mzimu unazimika, majina yanapanda. Kwisha.

Usiku ule sikulala, lakini si kwa woga. Niliona magunia ya chakula cha kuku yamepangwa hadi dari.

Jumamosi jioni watu wakajaa. Shemeji Hashimu alikaa katikati, miguu ameinyoosha. Pembeni yake Yohana, Mgogo wa watu, fundi wa mageti na fundi wa maneno, ambaye hajawahi kunyamaza kwenye filamu tangu nimjue. Nikaanza. Kwa nusu saa nilifanya kila niliwezalo, vijana wale niliwapa majina, ndoa na madeni, lakini Yohana akapiga mwayo mmoja mrefu, akasema, "Mama, huo mzimu umekwama foleni ya maji?" Watu wakacheka. Nikamwona shemeji anatazama ukuta na kupima kwa macho.

Ndipo mzimu ukatokea kwa mara ya pili, koridoni, na mimi nikawa sina tena cha kusema. Sasa ukiishiwa, unachukua kilicho karibu. Kilicho karibu nami ni kijijini kwetu Busi.

"Huyo mnayemcheka," nikasema kwenye maiki, "anaitwa Salima. Ni Mrangi wa Busi. Alitoka kwao akiwa binti kwenda kufanya kazi za watu mbali, na siku aliyofunga mzigo wake kurudi, mvua ikanyesha milimani. Alifika jioni, akakuta korongo limejaa. Ng'ambo aliiona nyumba ya mama yake, mlango wa bati la bluu, moshi unatoka. Akasimama asubiri maji yapungue. Mpaka leo amesimama. Mama yake naye kila jioni anamfunikia ugali wa mtama na mlenda kwenye sahani, na mlango haufungi kwa komeo, labda mtoto atafika."

Kibanda kikawa kimya. Sikia, ile nyumba ni ya mama yangu. Mlango wa bati la bluu ni wake, korongo ni lile tunalovuka kutoka barabarani, na chakula anafunika kweli, tangu sote tulipoolewa akabaki peke yake. Mimi nilimkopesha mzimu vyote hivyo kwa jioni moja tu, nikidhani nitarudishiwa.

Kabla sijaendelea, adhana ya magharibi ikalia. Kwangu adhana ikilia kila kitu kinasimama, hata iwe penati. Wenye kusali wanakwenda kusali, Wakristo wanatoka kunyoosha miguu na kununua mishkaki, kisha tunarudi. Na huwa najua pa kusimamishia, natafuta picha ya nyumba au gari, kitu kisicho na macho. Siku ile nilibonyeza tu, na Salima akabaki pale amesimama, ananiangalia kupitia zile nywele. Na mdomo wangu nao, kwa furaha ya kuwa watu wamenyamaza, ukaongeza utani.

"Haya, nendeni mkasali, mkale. Na wewe Salima kaa kitako upumzike, umesimama sana."

Bibi zetu walitukanya nini kuhusu saa za magharibi? Usiite, usiitike, usimkaribishe usiyemjua. Mimi nikamkaribisha kwa spika.

Watu wakatoka. Sikuwa na sala wiki ile, nikabaki nafagia maganda ya karanga. Nikainua kichwa kuangalia TV. Koridoni hapakuwa na mtu.

Nikajiambia rimoti imegoma, picha imesogea. Nikabonyeza, haikusogea. Korido ni lile lile, taa ni ile ile, na pale alipokuwa amesimama kuna dimbwi dogo la maji. Halafu nyuma yangu nikasikia, to, to, to, maji yanadondoka kwenye sakafu ya saruji.

Alikuwa benchi la nyuma, upande wa kushoto, amekaa kitako kama nilivyomwambia, mikono juu ya magoti. Nilitaka kukimbia, lakini mlango uko upande wake. Basi nikafanya kile mtu wa kwetu anachofanya akizidiwa na jambo, nikasalimia.

"Habari za jioni."

"Nzuri," akasema. "Shikamoo, dada."

Niamini, kilichonitisha si kwamba aliongea. Ni kwamba aliongea kwa sauti yangu. Mkwaruzo wangu wa maiki, lafudhi yangu ya Kirangi, vyote. Baadaye nilielewa. Kule walikomtengeneza hawakumpa sauti, sauti pekee aliyowahi kupewa ni yangu.

"Marahaba," nikasema, maana ningesemaje?

"Ahsante kwa kunikalisha. Tangu wameniweka pale koridoni sijakaa."

Nilikuwa na kifuko cha karanga mkononi, nikakinyoosha mbele kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua. Alipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akaanza kumenya. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana, kama vya mtu aliyefua siku nzima. Akala moja moja. Woga wangu ukaanza kupungua, sijui kwa nini, labda kwa sababu ni vigumu kumwogopa mtu anayetafuna karanga.

"Ile nyumba ya bati la bluu," akaniuliza, "ni kweli ipo, au ni maneno ya maiki?"

Hapo ningeweza kumwambia ni maneno tu. Ingekuwa rahisi. Lakini ilikuwa imetoka kinywani mwangu, na nyumba ipo.

"Ipo."

"Na mama anafunika chakula?"

"Anafunika."

Akasimama, gauni linachuruzika. "Basi mimi nakwenda nyumbani."

Sasa nikuulize, wewe ungefanya nini? Mwenye akili angempisha mlango. Mimi niliwaza filamu. Nusu imebaki, watu wako nje wanamalizia mishkaki, shemeji Hashimu anarudi na macho yake ya kupima ukuta, na mzimu wenyewe ndio huu unaniaga. Filamu ya mzimu isiyo na mzimu! Hasira ikanipanda, ikaufukuza woga wote uliobaki.

"Huendi popote," nikamwambia. "Salima, nimekupa jina, nimekupa mama, nimekupa karanga. Na wewe uniache na magunia ya chakula cha kuku?"

Nikamweleza habari zote, shemeji, mabenchi, mume yuko njiani. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Nikamwambia arudi ndani amalize kazi, na nitamvusha mwishoni.

"Mwishoni nazimwa," akasema. "Ninaujua mwisho. Wanagonga nyundo, inakuwa giza. Kila mara."

Alisema hivyo bila kulalamika, nami nikamwonea huruma sana, ukweli nasema. Filamu mbovu tunailaumu sisi tuliokaa mbele yake saa moja. Hatuwazi aliyefungiwa ndani.

"Mwisho leo nausema mimi," nikamwambia. "Maiki ni yangu. Naapa kwa mama yangu, korongo litapungua."

"Mama yetu," akasema.

Nikaitikia. "Mama yetu."

Nje nikasikia sauti ya Yohana anabishana na muuza mishkaki. Nikageuka kuangalia mlango, nilipogeuka tena benchi lilikuwa tupu, limelowa, na maganda ya karanga yamepangwa vizuri pembeni. Kwenye TV alikuwa amesimama mahali pake. Shavu moja lilikuwa bado linatafuna.

Watu wakaingia, nikabonyeza, na mwanamke yule akafanya kazi. Nimeonyesha filamu za kutisha miaka mingi, sijawahi kuona mzimu wenye bidii namna ile. Filamu niliyoiangalia Ijumaa ilikuwa na mara moja tu iliyobaki. Hii, kijana akifungua kabati, yumo. Akivuta shuka, yumo. Akipuliza kanda, yuko nyuma yake, anapuliza pamoja naye. Nikawa nimeishiwa sauti, nikashusha maiki ninywe maji, na bilauri iko mdomoni kwangu spika ikasema, polepole, kwa sauti yangu, "Yohana wa Kizota, na wewe unapiga mwayo?"

Yohana alipanda juu ya benchi. Benchi likapinduka na watu wake wote. Shemeji Hashimu, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa ameshika mkono wa muuza kahawa na hakuuachia hadi mwisho. Watu walipiga kelele, wakacheka kwa kupiga kelele, wakapiga kelele tena. Wapita njia wakajazana mlangoni. Nami moyo wangu ulikuwa mweupe kwa furaha, nikasahau kabisa tunaelekea wapi.

Nyundo ikatokea. Kijana wa nchi ya baridi akaiweka kanda chini, akainua mkono. Salima alikuwa mwisho wa korido, amesimama kama mwanzo, na sasa hakuwatazama watazamaji. Alinitazama mimi.

Nikashika maiki kwa mikono miwili.

"Mvua imekatika milimani," nikasema. "Korongo limepungua, mawe yanaonekana. Maji yanafika kwenye kifundo cha mguu tu. Salima, jua limezama, chakula kinapoa. Vuka."

Nyundo ikashuka, na koridoni hakukuwa giza. Salima alishika pindo la gauni akalipandisha kidogo, vile tunavyopandisha sisi kuvuka maji, akageuka, akaanza kutembea. Alikwenda akipungua, akipungua. Mwisho wa korido, mahali palipokuwa na ukuta, kukafunguka mlango wenye mwanga mwekundu wa jiko la kuni. Akainama kama mtu anayevua viatu. Akaingia. Majina yakapanda.

Hakuna aliyesimama. Mafundi wazima, watu wanaoshika chuma cha moto, walikuwa wanafuta macho kwa mikono yenye kutu. Yohana akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Kafika?"

"Kafika," nikasema.

Shemeji Hashimu alipenga kamasi, akanipita mlangoni bila kunitazama usoni. "Kuku watasubiri," akasema. Na mpaka leo wanasubiri.

Jumamosi iliyofuata watu walitaka ile ile. Nikaiweka. Vijana wakakuta gemu, wakapuliza kanda, wakaanza kukimbia na kulia mbele ya korido tupu. Hakuna mzimu. Nimeitafuta mwanzo hadi mwisho, hayumo hata mara moja. Kijana wangu wa flashi akaniletea nakala nyingine kutoka mjini, nayo vivyo hivyo. Nasikia huko mitandaoni watu wanailalamikia filamu hiyo kwamba haina hata mzimu, na mimi nikisoma najikunja kwa aibu. Lakini kibandani inajaza watu kuliko mpira. Wanakuja kuwacheka wale vijana wanaokimbia ukuta.

Unadhani imeishia hapo? Mama yangu alinipigia simu kutoka Busi siku chache baada ya ile Jumamosi. Mama hapigi simu ovyo, anaogopa kumaliza salio. Nikapokea nikiwa nimesimama.

"Huyu mgeni wako uliyemtuma amefika salama," akasema. "Alikuja jioni amelowa chapachapa, na huku mvua hakuna. Nikasikia hodi, nikadhani ni wewe, sauti ni yako kabisa. Nikamwambia chakula hicho hapo, funua."

"Akafunua, mama?"

"Akala chote. Asubuhi nimekuta ameshateka maji, amepalilia mtama, amefagia mpaka kwa mbuzi. Ndipo nikajua si wewe."

Nilicheka hadi nikakaa chini, na nikalia kidogo humohumo. Mama akaniambia nisimwite arudi mjini, hapo amezoea. Nikamwambia sitamwita.

Idi nilikwenda Busi. Nilivuka korongo kavu, nikapiga hodi kwenye bati la bluu, mama akanipokea, amenenepa, anacheka peke yake kama mtu mwenye siri. Sikumwona mtu mwingine, ila kila kitu kilikuwa safi na sahani zilizofunikwa jikoni zilikuwa mbili. Usiku nikaenda kulala kwenye kitanda changu cha usichana. Nikashika godoro. Bichi.

"Hapo ni pa mwenzio," mama akaniambia kutoka gizani. "Wewe tandika huku chini, si unaondoka Jumatatu?"

Kwa hiyo nakuonya, wewe msimuliaji, wewe mtafsiri, hata wewe unayewatungia watoto hadithi ili walale. Kitu kikiwa kibovu kiache kiwe kibovu. Usimkopeshe mtu usiyemjua mama yako, wala usimwelekeze njia kama hutaki afike. Mimi nimelala chini kwenye nyumba niliyozaliwa, namsikia mtu kitandani kwangu anakoroma kwa sauti yangu.